Rebmann: Aliyeiona theluji ya Kilimanjaro, wasomi wa London wakamkanusha

MARANGU, MOSHI

Wapanda mlima wanaoanzia safari katika lango la Marangu, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hulala katika vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo kabla ya kuukabili mteremko wa mwisho wa changarawe usiku wa manane. Wanapofika Stella Point, jua likichomoza nyuma ya Mawenzi, huwa wamekaribia ulimi wa barafu ulioshikilia upande wa kusini wa kilele. Katika ramani ulimi huo huitwa Rebmann. Wengi hupita wakiwa wamechoka mno kuuliza jina hilo ni la nani.

Mwenye jina hakuwahi kufika hapo. Hakuupanda mlima, wala hakuigusa theluji yake. Aliiona kwa mbali mwaka 1848, akaandika alichokiona, na kwa zaidi ya miaka 10 baadaye habari yake ikabishiwa na wasomi waliokuwa wameketi London, ambao mwenye sauti kubwa kuliko wote miongoni mwao hakuwahi kuitembelea bara ya Afrika Mashariki aliyoiandikia vitabu.

Johannes Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820, katika mji mdogo wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, uliokuwa katika ufalme wa Württemberg, sehemu ya Ujerumani ya leo. Alitoka katika familia ya wakulima. Akiwa kijana alijiunga na chuo cha misheni cha Basel, Uswisi, kisha akapelekwa Islington, London, katika chuo cha jumuiya ya wamisionari wa Kanisa la Uingereza, CMS. Jumuiya hiyo ilikuwa na fedha kuliko watu, na Wajerumani wengi waliingia katika utumishi wake kwa njia hiyo hiyo.

Juni 1846 aliwasili Mombasa. Huko alimkuta Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe na mtoto wake mchanga katika pwani hiyo. Wawili hao walipanda vilima vya Rabai, nyuma ya Mombasa, wakajenga kituo miongoni mwa Warabai. Walikuwa wagonjwa wa homa tangu mwanzo, na siku ya kuhamia huko ilikuwa shida hata kutembea.

Kutoka Rabai macho yao yalitazama bara. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na habari za nchi ya Wachagga na mlima wake mrefu, kwa kuwa misafara ya pembe ilikuwa ikienda na kurudi kwa njia ya Taita na Taveta. Kiongozi mmoja wa misafara, Bwana Kheri, aliijua njia hiyo vyema. Ndiye aliyemwongoza Rebmann, na inafaa jina lake litajwe mapema, kwa kuwa katika vitabu vingi vya Ulaya hutokea kama kivuli.

Msafara uliondoka Rabai Aprili 27, 1848. Rebmann hakuwa mpimaji wa ardhi wala mtaalamu wa miamba. Alikuwa na desturi ya kutembea bila silaha, na mwavuli wake umebaki kuwa maarufu kuliko chombo chochote alichobeba.

Asubuhi ya Mei 11, msafara ukiwa kati ya Taita na Taveta, milima ya Chagga ilijitokeza. Juu ya mmoja wao aliona kitu cheupe kinachong'aa, akadhani kwanza ni wingu. Alimwuliza mmoja wa viongozi wake kitu hicho ni nini, naye, kwa kukosa neno la kukiita, akajibu tu kuwa ni baridi. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya majira ya baridi, alielewa papo hapo kwamba anaitazama theluji. Aliketi, akafungua Biblia na kusoma Zaburi ya 111, inayosifu kazi za Mungu. Ndivyo walivyokuwa watu wengi wa kizazi chake: uchunguzi wa maumbile na ibada vilikaa katika chumba kimoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Siku chache baadaye alifika Kilema, jirani ya Marangu upande wa magharibi, akapokewa na Mangi Masaki. Baadaye mwaka huo alirudi tena na kufika Machame kwa Mangi Mamkinga. Katika safari hizo alikusanya habari ambazo thamani yake haikutambuliwa ipasavyo wakati huo. Wachagga waliita kilele hicho Kibo. Walijua kuwa ule weupe, ukiteremshwa chini, hugeuka maji matupu. Aidha, alisimuliwa kuwa Rungua, baba yake Mamkinga, alikuwa amewahi kutuma kundi kubwa la watu kwenda juu kuchunguza kitu hicho, akitumaini kuwa ni fedha. Kati yao alirudi mmoja tu, aliyeitwa Sabaya, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi.

Habari hiyo ikisomwa leo, inashangaza jinsi inavyofanana na kazi ya kisayansi. Mtawala alikuwa na dhana, akatuma watu kuithibitisha, wakalipa gharama kubwa, na dhana ikaanguka: haikuwa fedha, ilikuwa maji. Kilichokosekana Machame ni jarida la kuchapisha matokeo na watu wa mbali wa kuyasoma.

London ndiko jarida lilikokuwa. Taarifa ya Rebmann ilichapishwa mwaka 1849 katika gazeti jipya la CMS, na karibu mara moja ikapata mpinzani. William Desborough Cooley, mzaliwa wa Ireland, alikuwa mwanajiografia aliyeheshimika, msomaji mkubwa wa maandiko ya Kiarabu na Kireno kuhusu Afrika. Aliamini kuwa kwa kulinganisha vitabu hivyo mtu angeweza kuichora bara yote bila kutoka mezani. Alikuwa pia amemhoji Khamis bin Uthman, mfanyabiashara Mswahili aliyefika London katika miaka ya 1830, na kutokana na maneno yake akachora ziwa la bara.

Cooley hakuikubali theluji. Alidai kuwa macho ya mmisionari yalikuwa dhaifu na mawazo yake mengi, na kwamba alichokiona huenda kilikuwa mwamba mweupe uliopigwa na jua. Mwaka 1852, katika kitabu alichokipa jina la kuifunua Afrika ya ndani, alirudia shutuma hizo kwa ukali zaidi, akiwaunganisha Rebmann na Krapf. Wakati huo Krapf naye alikuwa amekwisha kuuona Kilimanjaro, na Desemba 1849, akiwa Kitui, akauona Mlima Kenya ukiwa na theluji yake. Mashahidi wakawa wawili na milima miwili, lakini Cooley hakutikisika.

Ubishi huo haukuwa na msingi imara hata kwa vipimo vya wakati ule. Kilimanjaro iko nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, ni kweli. Hata hivyo, theluji ya milima ya Andes, nayo ikiwa karibu na Ikweta, ilikuwa imeandikwa na wasomi wa Ulaya tangu karne ya 18, na Alexander von Humboldt alikuwa ameipanda Chimborazo mwaka 1802 hadi akashindwa kuendelea. Hakuna aliyemwambia Humboldt kuwa macho yake ni mabovu. Tofauti haikuwa katika theluji bali katika mtu aliyeileta habari. Humboldt alikuwa mwungwana tajiri mwenye vyombo bora kuliko vyote vya zama zake. Rebmann alikuwa mgeni, mtoto wa mkulima, mwajiriwa wa jumuiya ya dini, na shahidi wake wa pili alikuwa kiongozi wa msafara asiye na neno la kuitaja theluji.

Ikumbukwe kuwa sayansi yenyewe ilikuwa bado haijawa kazi ya mshahara. Neno la Kiingereza la kumtaja mwanasayansi lilikuwa limechapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1834 tu, miaka 14 kabla ya safari ya Kilema. Katika Uingereza ya Malkia Victoria uchunguzi ulifanywa kwa sehemu kubwa na watu wenye nafasi na fedha zao wenyewe, wakikutana katika jumuiya, wakisomeana barua. Kuaminiwa kulitegemea sana nani anakufahamu. Hapakuwa na utaratibu wa kumtaka Cooley aoneshe vipimo vyake, kwa sababu hakuwa navyo, wala wa kumpa Rebmann kipimo alichokikosa.

Naye Rebmann hakupata nafasi ya kwenda kuthibitisha. Safari yake ya tatu, mwaka 1849, iliyokusudiwa kufika hadi Unyamwezi, iliishia Machame. Mamkinga alidai hongo juu ya hongo mpaka bidhaa za msafara zikaisha, na mmisionari akarudi Rabai akiwa mgonjwa na mikono mitupu. Hakuuona tena mlima huo kwa karibu.

Mwaka 1851 alifunga ndoa na Emma, Mwingereza, mjini Cairo, Misri. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Kuanzia hapo Rebmann akawa mtu wa Rabai, na waumini walikuwa wachache. Alichokifanya kwa bidii ni kazi ya lugha. Aliandika maneno ya Kirabai, akaandika ya Kiswahili, na kwa miaka mingi alikaa na mtu aliyeitwa Salimini, aliyekuwa ametekwa katika nchi za Ziwa Nyasa na kuuzwa pwani kama mtumwa. Kutoka kinywani mwake aliandika kamusi ya Kinyasa, ambayo Krapf aliichapisha mwaka 1877, mwandishi akiwa tayari amefariki.

Kutokana na Salimini na wasafiri wengine likaja jambo la pili lililompa Rebmann jina, na hapo alikosea. Akishirikiana na mmisionari mwenzake, Jakob Erhardt, alikusanya habari za wafanyabiashara waliotoka pwani kwa njia mbalimbali, kutoka Kilwa, Bagamoyo na Tanga. Wote walisema kuwa njia zao huishia katika maji makubwa. Wamisionari hao walihitimisha kuwa maji hayo ni yale yale, wakachora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono aliyejinyoosha, katikati ya bara. Ramani hiyo, iliyochapishwa mwaka 1855 na 1856, ilizua kelele London, na ni moja ya sababu zilizoifanya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia imtume Richard Burton na John Speke. Mwanzoni mwa 1857 wawili hao walimtembelea Rebmann Rabai, lakini hakufuatana nao. Mwaka uliofuata walikuwa wamekwisha kuliona Ziwa Tanganyika, na Speke akaliona Nyanza, aliloliita Victoria. Ziwa moja likawa matatu, pamoja na Nyasa.

Kwa hiyo mtu yule yule alikuwa sahihi katika alichokiona na akakosea katika alichosimuliwa. Wafanyabiashara hawakumdanganya, kila mmoja alisema kweli kuhusu ziwa lake. Kosa lilikuwa la kuunganisha, na halikuwa tofauti sana na kosa la Cooley, aliyekuwa ameunganisha vitabu. La ajabu ni kwamba ramani yenye kosa ilipokewa kwa hamu London, ilhali theluji ya kweli ilikataliwa.

Theluji ilithibitishwa na mwenye mali. Karl Klaus von der Decken, baroni kutoka Ujerumani, alifika Kilimanjaro mwaka 1861 pamoja na Richard Thornton, kijana Mwingereza mtaalamu wa miamba ambaye David Livingstone alikuwa amemfukuza katika msafara wake wa Zambezi. Thornton alipima mlima kwa pembe kutoka sehemu mbalimbali. Mwaka uliofuata Decken alirudi na Otto Kersten, wakapanda hadi zaidi ya mita 4,000, na usiku theluji ikawaangukia. Mwaka 1864 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimtunuku Decken nishani ya dhahabu. Cooley hakusadiki hata hapo. Alifariki mwaka 1883, akiwa amekwisha kuachwa peke yake katika ubishi wake. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari mwingine wa pwani, alipanda kupitia Moshi hadi akaigusa theluji kwa mkono.

Rebmann alikuwa bado Rabai. Emma alifariki mwaka 1866. Upofu ukaanza kumnyemelea, na mwanzoni mwa miaka ya 1870 wageni waliofika kituoni walimkuta mzee asiyeona, akiwa bado na kamusi zake. Wapinzani wake walikuwa wamewahi kudai kuwa macho yake hayafai. Miaka 20 baadaye yakawa hayafai kweli. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 Afrika bila kurudi kwao hata mara moja, alisafirishwa Ujerumani akiongozwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Alikwenda kuishi Korntal, mji alioishi Krapf pia. Huko akafariki kwa ugonjwa wa mapafu Oktoba 4, 1876, akiwa na umri wa miaka 56.

Miaka 13 baada ya kifo chake kilele kilifikiwa. Hans Meyer, mtoto wa familia ya wachapishaji wa Leipzig, aliondoka Marangu akiwa amesaidiwa na Mangi Marealle, na Oktoba 6, 1889, akasimama juu pamoja na Ludwig Purtscheller. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anatajwa miongoni mwa walioongoza msafara huo. Meyer aliporudi mwaka 1898 aliona kuwa barafu ilikuwa imerudi nyuma kuliko alivyoiacha. Kwa mara ya kwanza swali likabadilika: si tena kama barafu ipo, bali itabaki kwa muda gani.

Mwaka 1912 Eduard Oehler na Fritz Klute walipiga picha za kupimia, na ramani iliyotokana nazo inaonesha takriban kilometa za mraba 12 za barafu. Mwanzoni mwa mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, alitoboa nguzo sita za barafu hadi kwenye mwamba, ndefu kuliko zote ikiwa na takriban mita 50. Katika taarifa aliyochapisha Oktoba 2002 pamoja na wenzake alisema zilikuwa zimebaki kilometa za mraba 2.6, kwamba barafu ya chini ina umri wa miaka 11,700 hivi, na kwamba yote huenda ikatoweka kati ya mwaka 2015 na 2020.

Hapo ndipo zama mbili zinapoweza kupimana. Thompson naye alipingwa. Wataalamu wengine, miongoni mwao Georg Kaser wa Innsbruck, walisema ukame ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 ulichangia kuliko joto lenyewe. Wengine wameutilia shaka umri wa barafu. Mwaka 2020 ulipita na barafu ikawa bado ipo, ingawa imepungua zaidi; mwaka 2022 UNESCO ilitaja 2050 kuwa mwaka ambao itakuwa imekwisha. Lakini wapinzani wa Thompson walipanda wenyewe. Tangu mwaka 2000 mtambo wa hali ya hewa ulisimikwa juu ya barafu ya kaskazini na Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, na ubishi ukaendeshwa kwa vipimo vya jua, unyevu na theluji, vilivyochapishwa ili kila mmoja avikague. Hakuna aliyeuliza baba yake Thompson alikuwa nani.

Kwa wakazi wa Marangu, jibu muhimu kuliko yote limetoka chini ya barafu. Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, aliyeuchunguza mlima huo kwa miongo kadhaa, ameonesha kuwa sehemu kubwa mno ya maji yanayolisha mito na mifereji ya vihamba hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, si barafu. Moto uliokula msitu wa juu tangu karne iliyopita umepunguza maji hayo kuliko kuyeyuka kwa Kibo. Imani kwamba barafu ikiisha migomba itakauka imeenea hata katika hotuba, na si sahihi. Hatari iko katika ukanda ambao watalii huupita siku ya kwanza bila kupiga picha nyingi.

Mtafiti wa kigeni anayekwenda huko sasa huhitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania. Wazee wa Machame wenye kumbukumbu ya hongo za Mamkinga pengine wangetabasamu. Mizigo bado huinuliwa na watu wa mlimani: mitambo ya kutobolea ya mwaka 2000, na nguzo za barafu zenyewe, ziliteremshwa na wapagazi kwa makumi. Taarifa za kisayansi humtaja kila mwandishi kwa jina na chuo chake, na wapagazi kwa jumla yao.

Sehemu ya barafu hiyo imehifadhiwa katika majokofu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, mjini Columbus, ikisubiri vyombo vya kuichunguza ambavyo bado havijabuniwa. Ulimi unaoitwa Rebmann umebaki kipande chembamba, kinachozidi kukatika mwaka hadi mwaka.